Namba ndefu ina shahidi wake: kutoka kitambulisho cha Durban hadi IBAN ya Maskati

Umeletewa namba ya akaunti kwa WhatsApp. Tarakimu ishirini na kitu, zimebanana kama dagaa. Umeshika simu mkono mmoja, mkono mwengine unaandika. Utajuaje kama hukukosea hata moja? Wengi wetu tunazisoma mara mbili, tunasema bismillahi, tunabonyeza.

Mimi naishi Durban, Afrika Kusini, na kila nikienda ofisi yoyote huku naulizwa namba. Namba ya kitambulisho, namba ya akaunti, namba ya simu yenyewe. Nikaanza kujiuliza: hizi namba zimepangwa vipi? Jibu nililolipata ni zuri kuliko nilivyotarajia, na lina faida kwa familia yoyote inayotuma pesa baina ya Ghuba na Afrika. Namba nyingi ndefu tunazozitumia hazikuandikwa ovyo. Ndani yake mna hesabu, na hesabu hiyo unaweza kuifanya mwenyewe kwa penseli.

Tarakimu kumi na tatu

Kila raia wa Afrika Kusini ana namba moja ya kitambulisho yenye tarakimu 13. Tarakimu sita za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Nne zinazofuata zinaonyesha kama ni mwanamke au mwanamme. Zikiwa chini ya 5000 ni mwanamke, kuanzia 5000 ni mwanamme. Ya kumi na moja inaeleza uraia: 0 ni raia, 1 ni mkaazi wa kudumu. Ya kumi na mbili siku hizi huwa 8 au 9 na haina maana kubwa, ingawa zamani ilikuwa na maana nzito ambayo nitaieleza mbele. Ya mwisho kabisa, ya kumi na tatu, haisemi chochote kuhusu mtu. Kazi yake ni kuwalinda wenziwe kumi na mbili. Mimi naiita shahidi.

Tuchukue mfano. Nimeitunga namba hii makusudi kwa mtu wa mwezi wa 13, tarehe 32, ili isiwe ya binadamu yeyote:

8513325046088

Ukiisoma kama namba nzima, ni trilioni nane, bilioni mia tano na kumi na tatu, na zaidi. Namba kubwa kweli kweli. Lakini kuikagua kunahitaji kujumlisha tu, hesabu za mtoto wa darasa la tatu.

Anza kushoto. Chukua tarakimu zilizokaa nafasi za witiri: ya kwanza, ya tatu, ya tano, mpaka ya kumi na tatu. Hizo ni 8, 1, 3, 5, 4, 0 na 8. Zijumlishe, unapata 29.

Sasa chukua zilizokaa nafasi za shufwa: 5, 3, 2, 0, 6 na 8. Kila moja izidishe mara mbili. Ikitoka namba ya tarakimu mbili, zijumlishe hizo mbili. Kwa hiyo 5 inakuwa 10, yaani 1 na 0, inabaki 1. Tatu inakuwa 6. Mbili inakuwa 4. Sifuri inabaki sifuri. Sita inakuwa 12, yaani 3. Nane inakuwa 16, yaani 7. Jumla yao ni 21.

Ishirini na tisa na ishirini na moja ni 50. Inagawanyika kwa kumi bila baki. Namba imeandikwa sawa.

Tukosee sasa. Ile 4 ya nafasi ya tisa tuiandike 7, kama anavyofanya mtu mwenye mwandiko mbaya. Jumla inakuwa 53. Haigawanyiki kwa kumi, basi kuna kosa. Au tugeuze 46 iwe 64, kosa la kawaida sana la mtu anayesomewa namba kwenye simu. Jumla inakuwa 57. Kosa limeonekana tena.

Kwa nini inafanya kazi

Hapa ndo penye utamu. Ukikosea tarakimu moja tu, popote pale, hesabu hii itakukamata siku zote. Sababu yake ni nyepesi. Kwenye nafasi za witiri kila tarakimu inahesabiwa kama ilivyo, kwa hiyo ukiibadilisha jumla lazima ibadilike, na haiwezi kubadilika kwa kumi nzima, maana tofauti kubwa kabisa baina ya tarakimu mbili ni 9. Kwenye nafasi za shufwa, ile zidisha-mara-mbili inazigeuza 0, 1, 2, 3, 4, 5, 6, 7, 8, 9 ziwe 0, 2, 4, 6, 8, 1, 3, 5, 7, 9. Zitazame vizuri: hamna iliyojirudia. Kila moja imepata kiti chake. Kwa hiyo huko nako ukibadilisha moja, jumla inakataa.

Basi kwa nini tuzidishe baadhi na tuache nyengine? Kwa sababu ya kosa la kugeuza. Tungejumlisha zote kama zilivyo, 46 na 64 zingetoa jumla ileile 10 na kosa lingepita. Kwa kuzidisha moja na kuiacha jirani yake, mpangilio unakuwa na uzito.

Kuna pengo lakini. Ukigeuza 09 iwe 90, hesabu haioni kitu, kwa kuwa 9 ikizidishwa inakuwa 18, na 1 na 8 ni 9 ileile, na sifuri inabaki sifuri. Ndiyo jozi pekee inayopita ikigeuzwa. Vilevile mtu akiandika 55 mahali pa 22, au 66 mahali pa 33, au 77 mahali pa 44, shahidi anafumba macho. Makosa hayo ni machache, lakini yapo.

Aliyeibuni njia hii ni Hans Peter Luhn, mhandisi mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi IBM kule Marekani. Aliomba hataza yake mwaka 1954 na akaipata 1960. Kompyuta zilikuwa bado ni mashine za kujaza chumba, kwa hiyo alichobuni yeye kilikuwa kifaa kidogo cha mkononi cha kukagulia namba. Leo njia yake iko mfukoni mwako. Namba ya kadi yako ya benki inakaguliwa hivyohivyo. Namba ya simu yako ya mkononi ile ya kiwandani, yenye tarakimu 15, ambayo inatokea ukibonyeza *#06#, nayo inakaguliwa hivyo. Hapo kuna jambo moja la kukumbuka: nafasi zinahesabiwa kutoka kulia, na tarakimu ya mwisho haizidishwi. Kwa kadi ya tarakimu 16, basi, zinazozidishwa ni ya kwanza, ya tatu na kuendelea.

IBAN na namba 97

Walioko Ghuba wanaijua zaidi IBAN. Ya Emirates ina herufi na tarakimu 23, ya Omani 23, ya Bahrain 22, ya Saudia 24, ya Qatar 29, ya Kuwait 30. Zote zinaanza na herufi mbili za nchi, kisha tarakimu mbili. Hizo mbili ndizo shahidi wa IBAN, na huyu ana macho makali kuliko yule wa Luhn.

Mfano unaotumiwa kuonyesha umbo la IBAN ya Emirates ni huu: AE07 0331 2345 6789 0123 456. Kuukagua unafanya hivi. Chukua vinne vya mwanzo, AE07, uvipeleke mwisho. Kisha herufi uzifanye namba: A ni 10, B ni 11, unaendelea hivyo mpaka Z ni 35. Kwa hiyo A inakuwa 10 na E inakuwa 14. (Ndugu zetu wa Omani, O yenu ni 24 na M ni 22.) Sifuri ya mbele haina uzito, iache. Unapata namba hii ya tarakimu 24:

331 234 567 890 123 456 101 407

Igawanye kwa 97. Baki lazima iwe 1. Ikiwa kitu chengine chochote, IBAN hiyo imekosewa.

Kikokotoo cha simu hakiwezi kumeza namba kubwa namna hiyo, lakini unaweza kuimega. Chukua tarakimu tisa za mwanzo, 331234567, gawanya kwa 97: baki ni 34. Andika 34, ongeza mbele yake tarakimu saba zinazofuata: 348901234. Gawanya kwa 97: baki 91. Ongeza saba nyengine: 915610140. Baki 77. Imebaki tarakimu moja tu, 7: inakuwa 777. Gawanya kwa 97, mara nane ni 776, baki ni 1. Imekubali.

Sasa tujaribu lile kosa lililomshinda Luhn. Ndani ya namba yetu kuna 90. Tuigeuze iwe 09. Ukirudia hesabu, mabaki yanakuwa 34, kisha 41, kisha 60, na mwisho 25. Siyo 1. Kosa limekamatwa.

Kwa nini 97, isiwe 96 au 100? Kwa sababu 97 ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe, na ndiyo tasa kubwa kuliko zote za tarakimu mbili. Ukikosea tarakimu moja, namba nzima inapanda au inashuka kwa kitu kama 3 mara 10 mara 10 mara 10, inategemea nafasi. Ukigeuza mbili zilizo jirani, inabadilika kwa 9 mara tofauti yao, mara kumi kadhaa. Ndani ya mabadiliko hayo mna viungo vidogo tu: 2, 3, 5, 7. Hakuna 97 mle. Basi mabadiliko hayo hayawezi kugawanyika kwa 97, na baki lazima ihame kutoka 1. Hili limethibitishwa kwa hesabu, halitegemei bahati.

Durban hakuna IBAN

Hapa nina neno kwa wenye watoto wanaosoma huku. Afrika Kusini haitumii IBAN. Tanzania, Kenya na Uganda pia hazitumii. Benki za Durban zina ukaguzi wao wa ndani wa namba za akaunti, kila moja na kanuni yake, lakini wewe uliye Maskati huna namna ya kuikagua kwa penseli kama ulivyozoea.

Mpwa wangu anasoma hapa. Mama yake, dada yangu, yuko Seeb. Mwanzo wa mwaka mtoto alitafutiwa chumba, na dalali akaleta namba ya akaunti ya mwenye nyumba kwa ujumbe wa simu. Dada akanipigia: "Kaka, hii namba naitia kwenye mashine ya benki, inaniuliza IBAN. Ya huyu bwana iko wapi?" Nikamwambia huku hamna, asitume kwanza. Tukamwomba mwenye nyumba barua ya benki yenye muhuri. Ilipokuja, tarakimu mbili za katikati zilikuwa zimegeuzwa kwenye ujumbe wa dalali. Mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, pesa zingeenda kwa nani?" Inawezekana zingerudi baada ya wiki kadhaa na makato, inawezekana zingeingia kwa mtu mwengine. Kodi ya chumba haingojei wiki kadhaa.

Namba sahihi inayosema uongo

Sasa nirudi kwenye ile tarakimu ya kumi na mbili, maana inatuhusu watu wa mwambao.

Mwaka 1873, Sultani Barghash alikubali kulifunga soko la watumwa la Unguja. Mwezi wa Agosti mwaka huohuo, meli ya kivita ya Waingereza, HMS Briton, ilitia nanga Durban ikiwa na watu 113 waliokombolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa. Wengine waliletwa miaka iliyofuata. Wengi wao walikuwa Wamakua, asili yao kaskazini ya Msumbiji. Koloni la Natal lilikuwa na njaa ya vibarua, wakafungwa mikataba ya kazi. Kwa kuwa walikuja kwa njia ya Unguja, wakaitwa Wazanzibari, na jina likabaki hadi leo. Waislamu wa Kihindi wa Durban waliwapatia ardhi King's Rest, upande wa Bluff, wakaishi hapo kwa vizazi, wakasali, wakazika wazee wao.

Ikaja serikali ya ubaguzi wa rangi. Sheria ya mwaka 1950 ilitaka kila mtu aandikwe rangi yake. Wazanzibari wa Durban, Waafrika watupu kwa asili, waliishia kuandikwa "Waasia Wengine". Miaka ya 1960 wakahamishwa Bluff, kwa kuwa eneo limefanywa la Wazungu, wakapelekwa Chatsworth, mtaa wa Wahindi, sehemu inayoitwa Bayview. Wako huko mpaka sasa.

Rangi hiyo ikaingizwa kwenye namba ya kitambulisho. Mzungu alikuwa 0, Mhindi 5, na "Mwasia Mwengine" 6. Turudi kwa mtu wetu wa mwezi wa 13. Tukiiondoa ile 8 ya nafasi ya kumi na mbili tukaweka 6, na tukafuata hesabu ileile ya leo, shahidi wa mwisho inabidi awe 2: 8513325046062. Jumlisha: witiri ni 23, shufwa 17, jumla 40. Inagawanyika kwa kumi. Hesabu imekubali.

Lakini Mmakua ameitwa Mwasia, na namba haikustuka. Shahidi anathibitisha kwamba kilichoandikwa leo ndicho kilichoandikwa jana. Kama kilichoandikwa jana kilikuwa uongo, atauthibitisha uongo huo kwa uaminifu uleule.

Mwaka 1986 rangi iliondolewa kwenye namba za kitambulisho, na mwaka 1991 sheria yenyewe ya 1950 ikafutwa. Nafasi ya kumi na mbili ikabaki imejazwa 8 au 9. Kijana wa Bayview anayechukua kitambulisho leo ana namba isiyosema yeye ni rangi gani.

La kufanya nyumbani

Somo hilo la Bayview linatufaa hata kwenye mambo ya pesa. Siku hizi matapeli wanajua hesabu ya Luhn vizuri sana. Mtu anaweza kukutumia picha ya kitambulisho cha Afrika Kusini chenye namba inayokubali, na mwenye namba hiyo hayupo duniani. Hata akibahatisha tu, katika kila namba kumi moja itapita. IBAN ya kubahatisha hupita moja katika 97. Na IBAN inayokubali inaweza kuwa ya mwizi mwenyewe. Hesabu haijui tabia ya mtu.

Kwa hiyo, kwanza, IBAN usiiandike kwa mkono ukiweza. Inakili ilivyo, kisha ikague kwa 97 au acha mashine ya benki ikague. Ikikataliwa, usibahatishe kubadilisha tarakimu. Muombe mwenyewe aitume upya.

Pili, ukituma kwenye nchi zisizo na IBAN, omba barua ya benki, kisha piga simu. Umsikie mpokeaji kwa sauti yake akikusomea namba kutoka mwisho kuja mwanzo. Akisoma kinyume hawezi kwenda kwa mazoea, analazimika kuitazama kila tarakimu.

Tatu, jina la mwenye akaunti liangalie kama unavyoiangalia namba. Hilo ndilo hesabu haiwezi kukusaidia.

Nne, kitambulisho chako usikirushe kwenye magrupu. Kwa Afrika Kusini namba peke yake inatoa tarehe yako ya kuzaliwa. Ya Emirates, inayoanza na 784, inatoa mwaka.

Na mkiwa nyumbani na watoto, wapeni simu ya zamani, waibonyeze *#06# na waikague ile namba kwa penseli. Waache moja, wazidishe moja, kuanzia kulia. Ikigawanyika kwa kumi, watakuwa wameelewa kitu ambacho wazazi wao wamekibeba mfukoni miaka yote bila kukifungua.